Je, Ini la Mtu Mweusi Halisikii Dawa?

SWALI: Daktari, pokea salamu kutoka Nyalenda, Kisumu. Mdogo wangu, mwendeshaji bodaboda, alikwenda kutoa damu, kisha akapigiwa simu kuarifiwa kwamba ana virusi vya homa ya ini aina ya B. Macho yake si ya manjano na anakula vizuri, lakini mama ameshamtengea kikombe chake. Mjomba wetu aliyeko Marekani anasema ini la mtu mweusi halisikii dawa, na ndiyo maana huko weusi hawapandikizwi ini kama Wazungu. Je, ni kweli? – Dada mkubwa

JIBU: Dada, mjomba amechanganya mambo mawili. Sindano za zamani za intaferoni, zilizotumiwa kutibu homa ya ini aina ya C, kweli ziliponya weusi wachache kuliko Wazungu, na mwaka 2009 watafiti walionyesha kuwa sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na badiliko dogo la jeni ambalo hupatikana kwa watu wa rangi zote, ila kwa viwango tofauti. Vidonge vya sasa vya aina ya C huponya zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa, weusi kwa weupe, kwa hiyo hoja hiyo imepitwa na wakati.

Kupandikizwa ini ni jambo jingine kabisa. Tangu mwaka 2002, foleni ya Marekani hupangwa kwa alama zinazotokana na vipimo vya damu, na pengo kati ya weusi na weupe waliomo folenini likapungua. Hata hivyo, alama hizo hazimfikii mgonjwa ambaye hakuna daktari aliyemwandikia rufaa, na hapo ndipo weusi wengi wanapoachwa nje.

Huku kwetu mlango unaowaacha watu nje una jina jingine: bei. Tenofovir, kidonge kimoja kwa siku, hudhibiti virusi vya aina ya B, na dawa hiyo hiyo imo ndani ya vidonge wanavyopewa bure wanaoishi na VVU. Mwenye homa ya ini peke yake, bila VVU, mara nyingi huinunua. Mimi naona huo ni ubaguzi hata kama hauhusu rangi.

Mdogo wako huenda asihitaji dawa sasa. Aende hospitali ya rufaa, ile ambayo wenyeji wa Kisumu bado huiita Russia, aombe kupimwa vimeng'enya vya ini na chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, kwani vipimo hivyo viwili vya kawaida humsaidia daktari kukadiria kama ini limeanza kupata makovu. Akianzishiwa tenofovir, asiiache bila kumwuliza daktari, maana virusi vinaweza kuamka kwa kishindo. Pombe aiache, na mahindi yenye kuvu msiyapeleke kinuni.

Ninyi wengine, pamoja na mkewe kama ameoa, mpimwe, na asiye na virusi wala kinga achanjwe sindano tatu. Wembe na mswaki viwe vyake peke yake. Kikombe mwambieni mama akirudishe kabatini pamoja na vingine, kwani virusi hivi haviambukizwi kwa chai.