Ofisi inaposoma sheria kwa faida yake, jaji afanye nini?

Yaya, umeuliza kama ule uamuzi wa Marekani wa 2024 kuhusu nguvu za ofisi za serikali unatuhusu sisi wa Lubumbashi, Kongo. Mimi naona unatuhusu, maana nimeshapelekana kortini na ofisi moja ya kodi hapa.

Nina kinu cha mahindi huku Katuba. Mota ni moja, inakoboa na kusaga. Kodi ilikuwa ya "kila mashine", wao wakaandika mbili. Nikapeleka barua ya malalamiko (bila hiyo korti haikupokei). Wakanijibu kwamba wanaosimamia kodi hiyo ni wao, basi maana yake wanaijua wao.

Wamarekani walibishania jambo kama hilo katika kesi ya Chevron, 1984: kiwanda chenye mabomba mengi ya moshi ni chanzo kimoja cha uchafuzi, au kila bomba lihesabiwe peke yake? EPA, shirika lao la mazingira, lilikihesabu kiwanda kizima kuwa kimoja. Mahakama ya Juu ikakubali, ikaweka na kanuni: sheria ikiwa na utata, na maelezo ya ofisi yakiingia akilini, jaji ayafuate hata kama yeye angeisoma vingine. Kanuni hiyo ilidumu miaka 40. Tarehe 28 Juni 2024, wavuvi wa heringi waliotakiwa kuwalipa wakaguzi wanaopanda boti zao wakaiangusha katika Mahakama hiyohiyo. Jaji Mkuu Roberts aliegemea sheria ya 1946 ya taratibu za ofisi za serikali, inayowaachia majaji maswali ya sheria. Jaji Kagan alipinga: majaji wataamua mambo ambayo wataalamu ndio wanayajua.

Kagan simpuuzi. Jaji wangu aliuliza kukoboa ni nini, na bukari (ugali wetu) anakula kila siku! Basi ofisi imweleze, naye asikilize. Lakini ofisi hiyohiyo ndiyo inayodai hela. Ikipewa na neno la mwisho juu ya maana ya sheria, mimi kortini nimefuata nini? Katiba yetu ya 2006, ibara ya 150, inamweka jaji chini ya sheria tu. Wao walileta waraka wa mkubwa wao. Jaji akauweka kando, akasoma sheria yenyewe: mota moja, mashine moja.

Wewe kama unataka kushtaki, angalia kwanza nani alitia sahihi. Maamuzi ya wakubwa wa taifa yanaenda Conseil d'État, korti ya juu ya kesi za ofisi za serikali, Kinshasa. Ya jimbo yanaanzia huku. Na nakala ya barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa siku hiyohiyo, usikubali kuambiwa urudi kesho.