Shimo kwanza, mche baadaye

Wewe unayeanza bustani ya mboga huku kwetu Bombo, najua miche imesimama kitaluni na mikono inakuwasha. Subiri kidogo. Udongo wetu mwekundu una rutuba juu juu tu. Chini kidogo unakutana na maramu, yaani changarawe nyekundu iliyoshikana, na mizizi ya mche mchanga haiwezi kuitoboa.

Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na 30 kwa upana, wiki mbili au tatu kabla ya kupanda. Ukilenga mvua za Machi, Februari uwe shambani. Udongo wa juu, ule mweusimweusi, uweke upande wake; mwekundu wa chini uweke mbali nao. Hapa wengi hukosea: huurudisha wote ovyo, mche ukaanza maisha na njaa.

Kabla ya kujaza, mimina nusu ndoo ya maji shimoni uangalie. Yakizama papo hapo, ongeza mboji. Yakilala mpaka kesho yake, chini kumeshikana. Vunja kwa sururu, la sivyo mizizi itaoza mvua zikikolea.

Kisha changanya mafungu mawili ya udongo wa juu na fungu moja la samadi iliyooza. Udongo usipotosha, kwangua wa pembeni. Ule mwekundu ufanye kingo upande wa mteremko, uzuie maji yasikimbie.

Kuhusu samadi, nisikilize vizuri. Msimu wangu wa kwanza nilitia mbolea ya kuku mbichi kwenye mashimo 40 ya kabichi. Siku ya nne kingo za majani zilikuwa kahawia, kama zimebabuliwa na moto. Niliumia sana, kwa sababu miche ile niliilea mwenyewe kutoka mbegu. Siku hizi nazamisha mkono ndani ya lundo mpaka kwenye kifundo. Nikikuta joto, au harufu ikinichoma pua, naliacha lilivyo.

Maganda ya kahawa kutoka kiwandani ni mazuri, ila yatandaze juu baada ya kupanda. Ukiyafukia mabichi, yanapooza yananyang'anya mche nitrojeni, chakula kinachokuza majani, na majani yanageuka manjano.

Jaza shimo lipite usawa wa ardhi kwa vidole viwili, kwa kuwa litashuka. Halafu chomeka kijiti katikati ya kila shimo. Mvua moja tu ikinyesha, hutajua tena lilikuwa wapi.