Nimeshinda kesi, huyu mwingine wa kulipwa katokea wapi?

SWALI: Wakili habari za kazi. Nimeshinda kesi ya madai, jaji kasema mdaiwa anilipe na gharama, mi nikajua imeisha hiyo. Juzi wakili wangu ananiambia faili kalipeleka kwa wataalamu wa gharama waandae bili na wao wana ada yao. Sasa jamani, kazi si alifanya yeye mwenyewe, anashindwaje kuiandikia bili? Au napigwa?
Mshindi Mfuko Mtupu

JIBU: Hongera, na pole kwa hilo jina. Hupigwi, ila kuna maswali ya kuuliza, ntakuja huko.

Jaji kusema "alipe gharama" ni kitu kimoja, alipe kiasi gani ni ugomvi mwingine kabisa na una mafundi wake. Uingereza hiyo ni fani inayojitegemea, kuna mawakili wa gharama ambao shughuli yao ni hiyo tu. Wanachukua faili zima, kila simu, kila barua, kila kikao, wanavigeuza kuwa bili, na muda wanauhesabu kwa vipande vya dakika 6. Sasa aliyeshindwa naye anaajiri wa kwake, anapewa siku 21 za kupinga mstari kwa mstari, mbona kikao kimoja mmekaa mawakili wawili, mbona kusoma barua ya kurasa 4 imekula masaa 3, na hapo ndo wakili aliyeng'ara mahakamani anaanza kujikuna kichwa kwa sababu hakuandika chochote siku ile, anakumbukakumbuka tu.

Na kuchelewa kunaua. Mwaka 2013 huko huko Uingereza mbunge Andrew Mitchell alikuwa anawadai wenye gazeti la The Sun, mawakili wake wakachelewesha bajeti ya gharama, yaani makadirio ya gharama za kesi yanayopelekwa mahakamani mapema, bajeti yenyewe inapita pauni 500,000, mahakama ikasema basi bajeti yenu tunaihesabu kuwa ni ada za mahakama peke yake. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikalegeza kamba kidogo kwenye kesi nyingine, ila mawakili wengi walishashtuka, siku hizi mtu wa gharama anaitwa kesi ikiwa bado mbichi. Wako kamwita mwishoni, sawa, wengi bado wanafanya hivyo.

Haya, maswali. Ada yao ni ya masaa au asilimia? Kama asilimia, ni ya kiasi kinachodaiwa au cha hela itakayoingia kweli? Hiyo ya kwanza mi siipendi, inamfanya mtu avimbishe bili tu. Halafu uliza kama kuandaa bili kwenyewe kunaweza kuingizwa kwenye bili, Uingereza inaruhusiwa ikiwa kiasi kina mantiki, kwa hiyo huo mzigo unaweza ukamwangukia mdaiwa.

Ila usitegemee kurudishiwa zote. Kwa kipimo cha kawaida cha kule, penye shaka anapewa nafuu anayelipa, sio wewe, na pengo linabaki kwako. Tena huwezi kumdai aliyeshindwa gharama zaidi ya ulichokubaliana na wakili wako, kwa hiyo ile karatasi ya makubaliano ya ada uliyosaini siku ya kwanza itafute leo, maana upande wa pili nao wanaweza kuihoji.