Basundi: kaa na sufuria yako

Naulizwa sana ni maziwa gani ya kopo ninayopikia basundi, yale maziwa matamu ya Kihindi yanayotokoswa polepole hadi yawe mazito. Sitii ya kopo. Yale yatakupa utamu na uzito, lakini malai, ule utando wa mafuta unaojitandaza juu ya maziwa, hayana, na basundi isiyo na vipande vya malai ndani ni maziwa matamu tu.

Kwa Wagujarati na Wamaharashtra wa magharibi mwa India, basundi ni chakula cha sikukuu na harusi, kikiliwa na puri za moto, vile vichapati vya kukaangwa vikafura. Mimi niliijulia Mombasa, jikoni kwa jirani yetu wa Kigujarati. Sote tulimwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati, kama wanawe walivyomwita.

Chukua lita 2 za maziwa ya ng'ombe ambayo hayajatolewa mafuta. India wengi hupikia maziwa ya nyati wa kufugwa, yenye mafuta karibu mara mbili ya haya yetu, basi yetu yakichelewa kuwa mazito usihangaike. Kabla ya yote, chemsha kikombe kimoja peke yake. Yakikatika, tafuta mengine. Siku moja nilimimina yote bila kujaribu, maziwa ya asubuhi ile ile, yakakatika yalipochemka tu na wageni wako njiani. Tangu hapo sijaruka kikombe hicho.

Sufuria iwe pana na nzito chini. Isuuze kwa maji, usiifute, ndipo umimine maziwa, maana ule umajimaji huyasaidia yasishike chini. Yakichemka punguza moto, yawe yanatokota polepole.

Sasa vuta kiti. Kila baada ya dakika chache utando hujitandaza juu ya maziwa. Usiukoroge. Usukume taratibu kwa mwiko hadi ukingoni, uubandike kwenye ubavu wa sufuria, kisha pitisha mwiko chini kote. Utando mwingine utakuja, nao ufanyie hivyo hivyo. Baada ya muda ubavuni kunakuwa na tabaka la malai juu ya malai, pembeni limeanza kukauka na kupata rangi. Nilikuwa na pupa ya kulikwangua, na Ba alikuwa akinishika mkono: "Ngoja mwanangu, bado bichi." Likikwanguliwa bichi linayeyukia kwenye maziwa, hulioni tena. Likiachwa likazane kidogo, linarudi ndani vipande vipande, na hivyo ndivyo unavyovitaka mdomoni.

Ikiwa maziwa yameshika chini na harufu ya kuungua imeanza, tafadhali usikwangue. Yahamishie sufuria nyingine papo hapo, ukoko uuache ulipo. Ukiugusa tu, ladha yake inaenea kote na hakuna iliki itakayoificha.

Kwangu huchukua kama saa moja na nusu. Maziwa yawe yamebaki chini kidogo ya nusu, rangi imekuwa ya krimu, na ukiinua mwiko yanaung'ang'ania mgongoni. Rabri, ndugu yake basundi, hupunguzwa zaidi ya hapo. Basundi lazima imiminike. Sasa ndipo utie sukari, vijiko 6 vya mezani, uache dakika kumi nyingine. Ukiitia mwanzoni utakosea kipimo, kwa sababu maziwa yakipungua utamu wake wenyewe hukolea, tena sukari huyafanya yaungue upesi.

Epua. Tia iliki 5 ulizotwanga, kungumanga ya kukuna kidogo sana, na nyuzi chache za zafarani ulizoroweka kwenye maziwa vuguvugu. Lozi zikatwe nyembamba. Ikipoa itazidi kuwa nzito, basi usiipike hadi iwe uji.

Msimu wa matopetope ukifika, wenyewe hupika sitaphal basundi. Toa mbegu, uchanganye nyama ya tunda na basundi iliyokwisha kupoa kabisa kwenye friji. Ikiwa bado ina moto, subiri, maana tunda hilo linaweza kuyakata maziwa uliyoyakalia saa nzima na zaidi.