Maswali ya Wasomaji: Picha ya Usiku Inayodai Kupigwa Mchana

SWALI: Ndugu mwandishi, salaam. Kompyuta ya mezani ya marehemu baba imekaa stoo tangu mwaka 2012, na sasa dada yangu anaomba picha za harusi yake ya tarehe 29 Desemba 2007 zilizomo ndani yake. Kompyuta haiwaki tena, ila fundi wa mtaani kwetu amechomoa diski na kuiunganisha kwenye laptopu, tukafanikiwa kunakili sehemu ya picha hizo. Diski inagonga ndani kwa ndani, kisha inanyamaza. Linalonitatiza zaidi ni tarehe. Kwenye folda, tarehe ya kuundwa kwa kila faili ni ya juzi, siku tuliyonakili. Nilipofungua maelezo ya ndani ya picha, za kamera ya baba zinasema saa nane mchana ilhali bibi harusi anatolewa nje usiku. Za kamera ya shangazi, aliyekuja kutoka London, hazilingani na za baba. Na fungu moja la baba linasema 1 Januari 2005, wakati kamera yenyewe haikuwa hata imenunuliwa. Nifanyeje zijipange kama harusi ilivyokwenda?
Msomaji wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Ndugu yangu, nakuomba uanze na diski, kwa sababu tarehe inaweza kungoja na diski haiwezi. Zima laptopu hiyo, chomoa waya, na usiendelee kufungua picha moja moja kutoka humo. Mlio wa kugonga kwa kawaida hutokea pale kichwa cha kusomea kinapotafuta njia yake juu ya sahani, kikaikosa, kikarudi kuanza upya, na kila kurudi huko huenda kukawa kunaongeza majeraha.

Hata hivyo, bado ipo sababu moja ya kutia moyo. Diski za kompyuta ya mezani, zile za inchi 3.5, zinahitaji umeme wa volti 12 pamoja na wa volti 5, na tundu la USB hutoa volti 5 kwa kawaida. Muulize fundi kama kiunganishi alichotumia kina chaja yake ya ukutani, na kama chaja hiyo ni nzima. Nimewahi kukesha na diski niliyoamini inakufa, kumbe chaja ya kiunganishi ilikuwa imechoka. Nilipobadilisha chaja, mlio ulikoma na kila kitu kikasomeka. Ikiwa umeme uko sawa na diski bado inagonga, na picha hizo hazipo popote pengine, mimi nisingeendelea nyumbani. Ningeitafutia wataalamu wanaofungua diski katika chumba kisicho na vumbi.

Ikitulia, chukua taswira ya diski nzima kwanza, yaani faili moja lenye nakala kamili ya kila kilichomo, uihifadhi kwenye diski nyingine yenye afya. Programu ya bure iitwayo ddrescue, inayotumika kwenye mfumo wa kompyuta uitwao Linux, imetengenezwa kwa kazi hiyo hasa: husoma kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, huandika pembeni orodha ya zile sugu, kisha hurudi kuzihangaikia mwishoni, ili diski ikifa njiani uwe umeshapata sehemu kubwa. Baada ya hapo fanya kazi zote juu ya taswira hiyo, na diski ya marehemu mzee iwekwe kabatini.

Sasa tarehe. Picha moja ya kidijitali ina tarehe za namna mbili, na watu wengi wanazichanganya. Ya kwanza ni tarehe ya faili, ambayo inatunzwa na mfumo wa kompyuta nje ya picha. Unaponakili faili, tarehe ya kuundwa huwa ni ya siku ile ya kunakili, ingawa tarehe ya mabadiliko ya mwisho mara nyingi hubaki ya zamani. Kwa hiyo ulichokiona kwenye folda si kosa la fundi wako. Ya pili imeandikwa na kamera yenyewe ndani ya faili, mwanzoni kabisa kabla ya picha, kwa utaratibu uitwao EXIF, uliotolewa Japani mwaka 1995. Humo mna aina na modeli ya kamera, kasi ya shata, ukubwa wa tundu la lenzi, kama flashi iliwaka, na saa ya kupigwa, iliyoandikwa kwa mtindo wa 2007:12:29 14:12:40. Ukinakili faili mara mia, maandishi hayo hayaguswi.

Hayaguswi kwa kunakili, nasema, lakini huguswa kwa kuhariri. Hili nililijifunza kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita nilichukua picha zaidi ya mia tatu za safari ya ukoo wetu, nikazigeuza moja moja zilizolala ziwe wima kwa programu iliyokuja na skana yangu, nikahifadhi juu ya zile zile. Programu ile ilihifadhi picha na kutupa maelezo yote. Wazee wawili wanaoonekana humo walifariki baadaye, na hadi leo hatuwezi kusema kwa uhakika ni siku ipi kati ya siku tisa za safari walikaa pamoja chini ya mwembe ule. Ndiyo maana nakusihi usigeuze, usipunguze wala usirembe chochote kabla hujaweka kando nakala kamili ya picha zilivyotoka.

Nirudi kwenye harusi. Kamera ya baba inasema 14:12 wakati bibi harusi anatolewa nje chini ya taa na anga ni jeusi. Jumlisha saa sita: 20:12, yaani saa mbili na dakika kumi na mbili usiku, na hiyo ndiyo saa ambayo bibi harusi hutolewa. Pengo la saa sita kamili nimelikuta katika kamera nyingi za nyumbani kwetu, na chanzo chake ni lugha yetu. Mtu anaiwasha kamera mpya asubuhi, inamwuliza saa; anauliza waliopo, anaambiwa saa nne; naye anaandika 4, wakati kamera ilitaka 10. Tangu hapo kamera iko nyuma kwa saa sita, na kila picha iliyopigwa kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili alfajiri inabeba hata tarehe ya jana yake. Kabla ya kukubali maelezo haya, tafuta ushahidi ndani ya picha zenyewe: saa ya ukutani nyuma ya wageni, au kivuli cha mchana. Picha moja yenye saa ya ukutani inayosomeka inatosha.

Marekebisho ni mepesi. Pakua ExifTool, programu ya bure iliyoandikwa na Phil Harvey na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2003, ambayo naiona kuwa bora kuliko zote za aina yake. Tenga kwanza picha kwa modeli ya kamera, kila kamera folda yake, kwa sababu kosa la kamera moja si kosa la nyingine. Za baba zenye tarehe ya 2005 nazo zipe folda yake. Kisha fungua dirisha la kuandikia amri katika folda iliyobeba folda iitwayo baba, na uandike:

exiftool "-AllDates+=0:0:0 6:0:0" baba

Sehemu ya kwanza ya namba ni miaka, miezi na siku. Ya pili ni saa, dakika na sekunde. Programu itaacha kila picha ya awali kando ikiwa na neno _original mwishoni mwa jina lake, na usizifute mpaka umeridhika.

Kamera ya shangazi ina habari tofauti. Mwezi Desemba Uingereza iko nyuma yetu kwa saa tatu, na EXIF ya wakati ule haikuwa na mahali pa kuandika majira ya nchi. Nafasi hiyo iliongezwa mwaka 2016. Kama shangazi hakugusa saa ya kamera yake alipotua, basi picha zake zijumlishiwe saa tatu. Angekuja na kamera hiyo Julai, ingekuwa saa mbili, maana wao hubadilisha saa majira ya joto na sisi hatubadilishi.

Fungu la 1 Januari 2005 linatisha lakini halijapotea. Naamini betri za kamera ziliisha katikati ya sherehe, na ile betri ndogo ya ndani inayotunza saa ilikuwa dhaifu, hivyo betri mpya zilipowekwa kamera ilirudi kwenye tarehe ya kiwandani, na hakuna aliyekuwa na muda wa kuirekebisha huku bibi harusi akisubiri. Lakini kuanzia hapo saa yake ilitembea vizuri, kwa hiyo nafasi kati ya picha na picha ni ya kweli. Tafuta tukio moja lililopigwa na kamera zote mbili, kwa mfano kukata keki. Tuseme ya shangazi, baada ya kusahihishwa, inasema 2007:12:29 21:40:15, na ya baba inasema 2005:01:01 01:10:05. Tofauti ni miaka 2, miezi 11, siku 28, saa 20, dakika 30 na sekunde 10. Jumlisha hiyo hiyo kwa fungu zima. Namba zilizo katika majina ya faili zitakuthibitishia mpangilio, kwa kuwa kamera nyingi huendelea kuhesabu hata saa ikirudi nyuma.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kompyuta yangu kila asubuhi inaamka na tarehe ya miaka mingi iliyopita, na tovuti zinakataa kufunguka zikidai si salama. Je, ni virusi?
Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Karibu hakika si virusi. Kwenye ubao mama, yaani ubao mkuu wa ndani ya kompyuta, kuna betri ya duara, mara nyingi CR2032, ambayo namba yake ni kipimo chake: kipenyo milimita 20, unene milimita 3.2. Ni ya volti 3, na kazi yake ni kutunza saa umeme unapokatika. Ikiisha, saa inarudi nyuma. Tovuti zinakataa kwa sababu vyeti vyao vya usalama vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta yako inaamini kwamba vyeti hivyo bado havijaanza. Zima, chomoa waya wa umeme, badilisha betri, kisha rekebisha saa. Kazi uliyohifadhi kipindi hicho itakuwa na tarehe ya uongo, basi kama kuna ripoti ya chuo humo, iandikie tarehe ndani yake.

SWALI: Kaka, nauza samani nikiwa nyumbani, nazipiga picha kwa simu na kuwatumia wateja. Jirani ameniambia picha zinaonyesha ninapoishi. Ni kweli?
Mama wa watoto wawili, Kisumu

JIBU: Dada, inawezekana, na jirani yako amekutendea wema. Kamera ya simu ikiruhusiwa kutumia mahali, huandika latitudo na longitudo ndani ya EXIF, mara nyingi kwa usahihi wa mita chache. Desemba 2012, John McAfee, mwanzilishi wa kampuni ya programu za kuzuia virusi, alikuwa mafichoni baada ya kutoroka Belize. Waandishi waliokuwa naye walichapisha picha yake iliyopigwa kwa simu, na wasomaji wakakuta ndani yake vipimo vilivyoonyesha kwamba yuko Guatemala. Siku chache baadaye alikamatwa huko.

WhatsApp huondoa maelezo hayo ukituma kama picha, lakini ukituma kama hati ili isipungue ubora, yanaondoka nayo yote. Barua pepe nayo huyabeba. Ingia kwenye mipangilio ya kamera na uzime mahali kwa picha za biashara. Za watoto ningeziachia, kwa kuwa miaka ishirini ijayo watafurahi kujua ufuo waliochezea. Kwa picha ulizokwisha kupiga, safisha nakala unayotuma, na ya awali iache kama ilivyo. Tena, ukikata pembeni picha ili kuficha namba ya nyumba, kumbuka kwamba ndani ya EXIF hukaa pia kijipicha kidogo cha picha nzima, na baadhi ya programu hukisahau kukibadilisha, hivyo namba uliyoikata inaweza kubaki humo. ExifTool huweza kukitoa kijipicha hicho ukakiangalia kwa macho yako kabla ya kutuma.