Mtaala wa ng'ambo na dagaa wa Igombe

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mhadhiri katika chuo kimoja hapa Mwanza. Chuo kikuu cha Uingereza kimependekeza tushirikiane kuanzisha somo la ujasiriamali, nacho kiko tayari kutupatia mtaala wake wote. Je, tuupokee? – Mhadhiri, Nyegezi

JIBU: Ndugu Mhadhiri, ushirikiano upokeeni, lakini mtaala msiupokee mzimamzima. Mitaala ya namna hiyo mara nyingi humdhania mfanyabiashara mwenye akaunti ya benki na dhamana, ilhali mama anayeanika dagaa Igombe hukopa kwenye kikoba, na mvua ikimkuta ameanika mchangani hupoteza mzigo. Hapo ndipo somo lilipo. Wapelekeni wanafunzi, pamoja na wahadhiri wageni, kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba wakapige hesabu na wachuuzi: kichanja cha kuanikia kinagharimu kiasi gani, dagaa wasio na mchanga huongeza bei kiasi gani, na deni la kichanja litalipika kwa miezi mingapi, ikizingatiwa kwamba mbalamwezi ikiwa kali uvuvi wa dagaa, unaofanywa usiku kwa taa, hudorora. Binafsi ningelifanya zoezi hilo kuwa nusu ya alama za somo.

Kuhusu taratibu, programu mpya ya shahada huhitaji ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, hivyo anzeni na kozi fupi. Washirikisheni SIDO, shirika linalolea viwanda vidogo tangu 1973. Katika mkataba, andikeni wazi kwamba mifano itakayokusanywa mwaloni itakuwa mali ya vyuo vyote viwili.