Jibu: Mtume (S.A.W.) na kazi za nyumbani

Wa alaykumu salaam dada. Umeuliza kama ipo hadithi sahihi ya Mtume (S.A.W.) kufanya kazi za nyumbani, maana mumeo anadai ni maneno ya mitandaoni tu. Ipo. Anza na Sahihi Bukhari, kitabu cha hadithi: Al-Aswad, mmoja wa wanafunzi wa Bi Aisha mke wa Mtume, alimuuliza Bi Aisha Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani. Akajibu kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Katika Musnad ya Ahmad, kitabu kingine cha hadithi, utakuta zaidi: akishona nguo na viatu vyake, akikamua mbuzi wake. Darsani kwetu hapo kwenye mbuzi wanaume huwa wanainamisha vichwa! Ila usimsomee mumeo mkiwa mmegombana, atasikia unamsema. Mwombe imamu wenu aisomeshe msikitini.